Mguu wa Akhwari na Miaka Iliyofuata

Jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968, jijini Mexico, marathoni ya Olimpiki ilikuwa imekwisha kwa karibu kila mtu. Mamo Wolde wa Ethiopia alishashinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Medali zilishavishwa, watazamaji wengi walishaondoka, na giza lilikuwa linaingia. Ndipo akatokea uwanjani John Stephen Akhwari wa Tanzania, mzaliwa wa Mbulu, mguu umefungwa bendeji, akikimbia kidogo na kuchechemea zaidi. Njiani alikuwa ameanguka wakimbiaji walipokuwa wakisukumana kugombea nafasi, goti likateguka na bega likaumia. Alimaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 tu walimaliza, naye alikuwa huyo wa 57.

Mtanzania yeyote anayefuatilia michezo ameziona picha hizo. Bud Greenspan, Mmarekani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutengeneza filamu za Olimpiki, alizisambaza kuliko mtu mwingine yeyote, na jibu la Akhwari alipoulizwa kwa nini hakuacha, kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio tu bali kuzimaliza, limenukuliwa katika hotuba za viongozi, mahubiri na semina kwa zaidi ya nusu karne. Linastahili kunukuliwa.

Lakini mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, mtu huyohuyo alikimbia marathoni na kushika nafasi ya tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Ni muda bora kwa dakika tano kuliko ule uliompa Wolde dhahabu. Nyakati hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja, kwa kuwa Mexico City iko mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake nyepesi iliwatesa wakimbiaji wa mbio ndefu. Hata hivyo zinatosha kutuonesha Akhwari alikuwa nani: mkimbiaji wa daraja la juu, aliyepatwa na ajali siku moja, akapona, akarudi mazoezini, akashindana na wakali wa zama zake. Sisi tunamjua kwa ile siku moja. Miaka ya mazoezi iliyomfikisha Mexico, na goti lililopona hadi likambeba Edinburgh, havikupata mpiga picha wa kuvipenda vile.

Picha ile haikusema uongo. Ilisema kweli ya dakika chache, na dakika hizo zikameza maisha. Hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa filamu za makala zinazohusu wanamichezo, wasanii na watu waliopitia dhiki. Filamu hizi hulipenda jeraha kuliko kazi. Zile zinazodumu, zile tunazoweza kuzirudia baada ya miaka ishirini tukajifunza kitu kipya, ni zile zilizokaa na kazi ya mtu kwa muda mrefu kiasi cha kuliweka jeraha mahali pake.

Sababu ya upendeleo huo haihitaji kumshuku mtu nia mbaya, kwani inatokana na namna filamu zenyewe zinavyotengenezwa. Bendeji huonekana kwa sekunde moja na haihitaji maelezo. Mazoezi ya miaka kumi hayaonekani. Mkimbiaji anaamka alfajiri, anakimbia barabara ileile, anarudi, kesho vilevile. Mwimbaji anarudia beti moja mara arobaini hadi pumzi ikae sawa. Ukiweka kamera mbele ya mambo hayo utapata saa nyingi za picha ambazo mhariri hajui azifanyie nini. Anguko, maradhi, ufukara na machozi vina mwanzo na mwisho, na hujipanga vyenyewe kuwa hadithi. Tena mtengenezaji wa filamu huomba fedha kabla hajaanza kupiga picha, na mfadhili humwuliza filamu inahusu nini. Kusema inahusu mtu aliyevunjika mguu akasimama tena ni rahisi. Ni vigumu zaidi kusema inahusu mtu anayepiga ngoma vizuri, na kwamba utahitaji miaka mitano kuonesha uzuri wenyewe.

Wapo waliokataa njia hiyo rahisi. Mwaka 1964 Japani ilipoandaa Olimpiki jijini Tokyo, kazi ya kutengeneza filamu rasmi alipewa Kon Ichikawa, mwongozaji wa filamu za kuigiza. Alipewa wapiga picha zaidi ya mia moja na lenzi ndefu zinazovuta uso wa mtu kutoka mbali. Filamu yake, *Tokyo Olympiad*, ilitoka mwaka 1965, na waandaaji hawakuridhika. Walitaka kumbukumbu ya ushindi na majengo mapya. Ichikawa akawaletea misuli ya shingo, vidole vinavyotetemeka kabla ya bunduki kulia, na watu walioshindwa. Kuna sehemu anamfuata mkimbiaji mmoja wa mita 800 kutoka Chad, nchi iliyokuwa na miaka minne tu ya uhuru. Kijana yule anakula peke yake katika bwalo la wanamichezo. Hakupata medali. Ichikawa hamwonei huruma wala hamtungii maneno ya kishujaa. Anamwonesha akifanya mazoezi, akila na akikimbia.

Kisha inakuja marathoni. Abebe Bikila wa Ethiopia alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo wiki chache tu kabla ya mbio zile. Angekuwa mwongozaji mwingine, kovu lile lingekuwa ndiyo filamu. Ichikawa anakaa usoni mwa Bikila, kwa mwendo wa polepole, muda mrefu kuliko tulivyozoea, hadi tunaanza kuona vitu ambavyo mtangazaji wa redio asingeweza kutuambia: kichwa kisichoyumba, macho yasiyotafuta mtu, pumzi iliyopangika. Wakati huohuo wengine wanasimama kwenye meza za maji, wanakunywa, wanakaa chini, wanajikanda miguu. Ukimaliza kuitazama sehemu hiyo unaelewa kwa nini Bikila alikuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo. Unaelewa kwa macho, bila kuhubiriwa.

Ichikawa alikuwa na siku chache za michezo na kamera nyingi. Wamarekani Steve James, Frederick Marx na Peter Gilbert walikuwa na kinyume chake, yaani kamera chache na miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1980 walitaka kutengeneza filamu ya nusu saa tu kuhusu mpira wa kikapu wa mitaani Chicago. Wakakutana na vijana wawili wa miaka kumi na minne, William Gates na Arthur Agee, waliochukuliwa kutoka mitaa ya watu weusi wa kipato cha chini na kupelekwa shule ya kulipia nje ya jiji, St. Joseph, kwa sababu ya vipaji vyao. Nusu saa ikawa miaka mitano ya kupiga picha na mingine karibu mitatu ya kuhariri. *Hoop Dreams* ilitoka mwaka 1994 ikiwa na dakika 171.

Picha walizokusanya zilifika kama saa 250. Maana yake, kwa kila dakika moja tunayoiona, karibu dakika 87 zilibaki kabatini. Ndiyo maana nasema uhariri ndio uandishi wa filamu ya makala. Anayehariri hatungi matukio, ila ndiye anayeamua lipi litangulie na lipi lifuate, lipi lionekane kuwa chanzo na lipi kuwa matokeo. Ukiweka machozi ya mama mara baada ya barua ya shule, mtazamaji ataamini barua ndiyo iliyomliza, hata kama yalipishana kwa wiki tatu. Nguvu hiyo haikwepeki, na mtu mwaminifu anaweza kuitumia kwa uaminifu, lakini mtazamaji anapaswa kujua kwamba ipo.

Katika *Hoop Dreams* inatumika kwa uangalifu mkubwa. Wazazi wa Arthur wanashindwa kulipa karo, na kijana anaondolewa St. Joseph katikati ya mwaka. William anapata mfadhili na kubaki, kisha goti lake linaumia na kufanyiwa upasuaji. Filamu nyingine ingechagua mmoja awe mshindi na mwingine awe mhanga. Hii inakaa na wote wawili mpaka tunaanza kuona kilichowafunga pamoja, yaani biashara nzima ya kuokota watoto wenye vipaji, kuwapima kwa faida, na kuwaacha pale hesabu inapogoma. Sehemu inayonigusa zaidi haina mpira hata kidogo. Mama yake Arthur, aliyekuwa amepoteza kazi na kuishi kwa msaada wa serikali, anahitimu mafunzo ya uuguzi msaidizi akiwa wa kwanza darasani. Kamera imekaa na familia ile muda wa kutosha kuiona siku hiyo. Wangekuwa wamepiga picha miezi sita na kuondoka, mama yule angebaki katika filamu kama mwanamke aliyekatiwa umeme.

Umeme kweli ulikatwa, na hapo limo swali ambalo kila mtengenezaji wa filamu ya makala hukutana nalo. Unapiga picha familia iliyo gizani. Taa zako zina betri. Bili yao inalipika kwa fedha zilizo mfukoni mwako. Ukilipa, umeingilia maisha uliyosema unayarekodi. Usipolipa, umefanya giza la wenzako kuwa mali yako. Watengenezaji wa *Hoop Dreams* walichangia bili hiyo, na baadaye familia za vijana hao zikapata mgawo wa mapato ya filamu. Wapo waandishi wa habari wanaoshikilia kwamba kufanya hivyo ni kuvunja mwiko wa kazi. Mimi naona walifanya lililo sawa mara zote mbili, na mara ya pili ina uzito zaidi, kwa sababu msaada wa siku moja ni huruma, lakini mgawo ni kukiri kwamba mtu aliyerekodiwa amefanya kazi.

Kwetu pwani swali hili linafika kwa sura ya Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Bi Kidude, ambaye jina lake halisi ni Fatuma binti Baraka, alifariki Aprili 2013 bila kujua umri wake kwa hakika, na magazeti ya Ulaya yalilipenda hilo kupita kiasi. Mwanamke mzee kupita wote jukwaani, anayevuta sigara, anayekunywa bia, anayecheka na kamera. Filamu ya Andy Jones, *As Old As My Tongue*, iliyotoka mwaka 2006, ingeweza kabisa kuishia hapo, na kuna dakika inakaribia. Maisha yake yalikuwa na dhiki za kutosha kujaza filamu tatu: ndoa alizozikimbia, safari ndefu za bara kwa miguu, kuishi kwa kidogo hata baada ya jina lake kuvuma Ulaya na Japani.

Kinachoiokoa filamu ni mikono na koo lake. Kidude alijifunza taarab kwa kusikiliza, akimsikiliza Siti binti Saad, mwanamke wa kwanza wa Zanzibar kurekodiwa kwenye santuri, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwa kazi hiyo. Hakusoma nota, na alibeba beti za Kiarabu na Kiswahili kichwani kwa miongo. Upande wa pili wa kazi yake ulikuwa unyago. Alikuwa somo, mwenye kuwafunda wari, na ndiye aliyethubutu kuutoa mdundo wa unyago uani na kuupeleka jukwaani mbele ya wanaume na wageni. Mtazame akiwa na msondo umefungwa kiunoni kwa kitambaa, umesimama katikati ya miguu yake, mwili wote ukiupiga. Pale huoni bibi wa ajabu. Unaona mtaalamu aliyefanya jambo lile kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna harakati inayopotea. Nimeshawasikia watu wakiisifu filamu ile kwa ucheshi wake. Mimi ninaithamini kwa sababu baada yake mtu anaweza kueleza Bi Kidude alikuwa anafanya nini.

Jones alirudi tena. Mwaka 2012 habari zilienea kwamba Bi Kidude ametekwa, naye akaja Zanzibar na kamera kutafuta kilichotokea. Ikazaliwa filamu ya pili, *I Shot Bi Kidude*. Katika filamu hiyo hoja si uzee tena. Ni nani mwenye haki ya kumsemea mtu mzee mwenye jina kubwa: ndugu zake, waandaaji wa maonesho, mashabiki, au mgeni aliyemfanya ajulikane zaidi kwa filamu yake ya kwanza. Ni vizuri swali hilo lipo kwenye rekodi, hata kama majibu yake yanabishaniwa mitaani Ng'ambo, Unguja, mpaka leo.

Kuna makosa ya aina nyingine, yasiyotokana na kupenda jeraha bali kupenda muujiza. *Searching for Sugar Man* ya Malik Bendjelloul, iliyopata Oscar mwaka 2013, inamhusu Sixto Rodriguez wa Detroit, aliyetoa albamu mbili mwanzoni mwa miaka ya 1970, akasahaulika kwao, akafanya kazi za kubomoa majengo, huku bila kujua akiwa nyota Afrika Kusini. Kisa ni cha kweli na filamu inapendeza mno. Isipokuwa Rodriguez alijulikana pia Australia, na alizuru huko kwa maonesho mwaka 1979 na tena 1981. Filamu haisemi neno juu ya safari hizo. Ingezitaja, ukimya wa miaka 25 ungekuwa na tundu katikati, na msisimko wa Cape Town mwaka 1998 ungepungua. Nadhani kingepatikana kitu bora zaidi, yaani hadithi ya fundi aliyekuwa akirudi kwenye kazi yake kila alipopata nafasi. Kilichoachwa nje hapa ndicho hasa kilichokuwa kazi.

Hata *When We Were Kings* ya Leon Gast ina pengo la namna hiyo. Ilipigwa picha Kinshasa mwaka 1974, wakati wa pambano la Muhammad Ali na George Foreman, ikakwama kwa migogoro ya fedha na kutoka mwaka 1996. Namheshimu Gast kwa kungoja kwake. Lakini wasimulizi wakuu ni waandishi wawili wa Marekani, Norman Mailer na George Plimpton, na wakazi wa Kinshasa tunawaona zaidi wakiwa umati unaoshangilia.

Jiji hilohilo lilipata filamu ya namna nyingine miongo mitatu baadaye. Wafaransa Renaud Barret na Florent de La Tullaye walikutana na Staff Benda Bilili, wanamuziki ambao wengi wao waliugua polio utotoni, wakitembelea baiskeli za magurudumu matatu zilizoundwa kwa mikono na kufanya mazoezi katika bustani ya wanyama ya Kinshasa. Kamera ilikaa nao miaka kadhaa. Kituo walichokuwa wakiishi kikaungua na kurekodi kukasimama. Mtoto wa mitaani, Roger, mwenye ala aliyoiunda kwa kopo, kijiti na waya mmoja, akakua mbele ya macho yetu hadi akawa mpigaji wa kuaminika. *Benda Bilili!* ilifungua kitengo cha Wiki Mbili za Waongozaji huko Cannes mwaka 2010. Nguvu yake iko kwenye mazoezi. Tunawasikia wakikatizana, wakirudia, wakimkemea Roger kwa kuchelewa kuingia. Dakika kumi za hayo na umeshasahau kuhesabu nani ana miguu gani.

Filamu inaishia kwenye makofi ya Ulaya, nayo makofi ni mwisho mtamu kwa mhariri. Mwaka 2013 kundi lilivunjika kwa ugomvi na uongozi wake. Wawili kati yao, Coco Ngambali na Theo Nzonza, wakaanzisha kundi jipya, Mbongwana Star, na mwaka 2015 wakatoa albamu yenye gitaa zilizochakachuliwa na midundo ya kielektroniki, isiyofanana hata kidogo na ile rumba iliyowapa jina. Wasiojua hayo hudhani wazee wale waliokolewa na filamu, kisha wakatulia. Kumbe walikuwa wanamuziki, na mwanamuziki huendelea kutafuta sauti.

Ninapofikiria filamu za kwetu zinazotengenezwa sasa, naona njia moja imefunguka ambayo Greenspan na Ichikawa hawakuwa nayo. *Thank You for the Rain*, ya mwaka 2017, ilianza kama filamu ya Julia Dahr wa Norway kuhusu mkulima wa Kitui, Kenya, Kisilu Musya, na mabadiliko ya tabianchi. Dahr akamwachia Musya kamera. Basi mvua kubwa ilipokuja na upepo ukaharibu nyumba yake, mpiga picha alikuwa mwenye nyumba. Ukitazama sehemu hiyo utaona tofauti mara moja. Mgeni angebaki kwenye paa lililong'oka. Musya anazunguka, anaonesha kilichoharibika na kinachofaa kutengenezwa, anazungumza na familia yake, anapanga. Baadaye tunamwona akipanda miti, akiwakusanya majirani kwenye mikutano ya wakulima, na mwaka 2015 akienda Paris kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi, ambako anakutana na watu wanaomsikiliza kwa adabu na kuendelea na ratiba zao. Hasira yake pale ni ya mtu anayejua kilimo na aliyekuja na hoja, na filamu inaipokea kama hoja.

Watengenezaji wetu wachanga huniuliza vifaa gani vinahitajika ili kuanza. Simu ya leo inatosha kwa picha. Kinachokosekana zaidi ni muda wa kukaa na mtu baada ya msiba kupita, fedha za kulipia muda huo, na mkataba unaompa aliyerekodiwa sehemu ya mapato. Mashirika mengi ya ufadhili hulipia mwaka mmoja, au miwili kwa taabu. Akhwari alihitaji miwili tu ili awe wa tano Edinburgh.